Barua kwa mwanangu aliyeko Lushoto: vifaranga, baridi na bustani ya kabla ya vuli

Tanga, Agosti

Mwanangu mpenzi,

Waalaykum salaam. Barua yako imenifikia na nimeisoma yote. Unaniuliza mambo mawili. La kwanza, vifaranga wako chotara 40, wa wiki mbili, wamebaki 31. Waliokufa unawaokota asubuhi konani wamelaliana, ingawa umeziba kila dirisha kwa nailoni na usiku unawawekea jiko la mkaa. La pili, vuli inakaribia, fedha ni chache, na unataka kujua bustani ya nyuma ya nyumba uianze vipi. La kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu haliwezi kungoja.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukatoe nailoni sehemu ya juu ya madirisha. Hapa pwani banda hujengwa ili lipoe, kwa hiyo ni rahisi mtu wa Tanga akipanda Lushoto kudhani kwamba adui ni baridi na dawa yake ni kuziba. Sivyo. Kuku mkubwa ana koti lake la manyoya, na usiku wa nyuzi 10 anaumudu akiwa mkavu. Asichokimudu ni unyevu, hewa iliyotuama, na upepo unaopita chini usawa wa mgongo wake. Kuku hatoi jasho. Maji ya mwilini mwake hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi. Ukifunga chumba, mvuke huo unapanda, unagota kwenye bati, unadondoka, na maranda yanaloa. Maranda yakiloa, kinyesi kinatoa amonia, macho ya vifaranga yanavimba, mafua yanaanza, na vijidudu vya kuhara damu vinapata mahali pa kuzaliana. Piga magoti leo usiku, weka pua yako sentimita kumi juu ya sakafu. Ukiona pua inakuchoma, basi wao wameshaumia.

Jiko la mkaa lina hatari yake tena. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaua vifaranga na inaua watu. Tafadhali mwanangu, usilale chumba kimoja na hilo jiko hata usiku mmoja, wala usilihamishie chumbani kwako eti upate joto.

Sasa, kwa nini wanalaliana? Jiko linawaka vizuri mpaka usiku wa manane, halafu linapoa. Vifaranga wanaamka na baridi, kila mmoja anajichomeka chini ya mwenzake, na wa chini kabisa wanakosa pumzi. Ndiyo maana unawakuta konani, na ndiyo maana wengi wao hawana dalili ya ugonjwa. Kona ndiyo mtego wenyewe. Chukua katoni ngumu au kipande cha mkeka mgumu chenye kimo cha sentimita 45, uzungushe kiwe duara, ili pasiwe na pembe ya kusukumana. Kwa 31 wa umri huo, duara la kipenyo cha mita moja na nusu linatosha. Kila wiki lipanue kidogo. Chini weka maranda makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8. Mafundi seremala wa huko wanayo tele. Chukua ya msindano, uyaanike juani kwanza. Usichukue unga wa mbao, wanaumeza wakidhani ni chakula, wala usitandike magazeti matupu, miguu inateleza na kupanuka.

Kuhusu joto: wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35 pale alipo, si darini. Kila wiki unapunguza nyuzi 3 hivi. Wako wanaingia wiki ya tatu, kwa hiyo nyuzi 28 kwenye chanzo cha joto zinawafaa, na pawepo nafasi ya kusogea mbali wakitaka. Kipimajoto si lazima, maana vifaranga wenyewe wanasema. Wakibanana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, wametanua mabawa na kuhema kwa mdomo, joto limezidi. Wakijazana wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute tundu hilo uzibe. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo, hapo acha kama palivyo. Huku Tanga tunaondoa joto mapema. Wewe endelea mpaka wiki ya sita, manyoya yaote hadi mgongoni na shingoni.

Chanzo cha joto uchague kwa mfuko wako. Taa nyekundu ya wati 250 ni nzuri, lakini ikiwaka kwa muda wa saa kumi na mbili inakula uniti 3 za umeme kila usiku, na umeme ukikatika saa tisa umerudi palepale. Balbu za kisasa zinazobana umeme hazitoi joto la maana, usizinunue kwa kazi hii. Ninachokushauri ni kasha la nyasi, na halikugharimu karibu chochote. Tafuta masanduku mawili ya mbao au katoni imara. Ndani yake shindilia nyasi kavu ukutani unene wa sentimita kumi kuzunguka, na katikati uache duara la kipenyo cha sentimita 45. Kila sanduku liingie vifaranga 15 au 16. Juu funika kwa gunia la katani, si nailoni, kwa sababu katani inapitisha pumzi. Joto la miili yao wenyewe linabaki humo usiku kucha. Waingize jua likizama, watoe kukishakucha, na nyasi za chini zilizoloa uzibadilishe kila siku bila kukosa. Usiku wa baridi kali, weka dumu la lita 5 lenye maji moto yasiyochemka, limezungushiwa kitambaa, katikati ya duara. Mfuniko uukaze sana, maana kifaranga aliyelowa huko Lushoto usiku hafiki asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo, chombo cha maji ya kunywa kiwe na mdomo mwembamba, au utie kokoto ndani ya kisahani, na kikae juu ya tofali.

Ukilazimika kutumia mkaa wiki hii, uwashe nje mpaka moshi wote uishe, ufunike kwa majivu, jiko liwe ndani ya ndoo ya bati iliyotobolewa matundu, juu ya matofali, mbali na maranda, na madirisha ya juu yawe wazi.

Ukiona kinyesi chenye damu, vifaranga wameinama na manyoya yamesimama, ni kuhara damu. Kwa kawaida hutokea kati ya wiki ya tatu na ya sita, na wako ndio wanaingia humo. Mwite bwana mifugo siku hiyohiyo, dawa ya amprolium inayotiwa kwenye maji hufanya kazi ikiwahi, na maranda yote yaliyolowa yatolewe. Na muulize aliyekuuzia wamechanjwa nini: chanjo ya mahepe, ugonjwa wa kupooza, hupewa siku ya kwanza, ya mdondo, yaani kideri, siku ya 7, ya gumboro siku ya 14, ya mdondo tena siku ya 21. Wakishakua, chanjo ya I-2 ya mdondo ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Usimchanje kuku anayeumwa. Chupa ikishafunguliwa, dawa iishe siku hiyo. Jumuikeni na majirani mgawane, kwa maana chupa moja huchanja kuku wengi kuliko ulio nao.

Banda la wakubwa utalihitaji baada ya miezi miwili, basi lianze sasa kwa mabanzi. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 31 wanataka mita 8 hivi. Kipupwe upepo wa huko ni kusi, na miezi hii mpaka mwishoni mwa Septemba jua linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo upande wa kusi uzibe kwa mabanzi mpaka juu, uache mwanya wa sentimita 20 tu chini ya paa. Upande wa kaskazini uzibe mpaka kiunoni, juu uweke waya. Utapata jua la kukausha maranda na upepo hautawapiga. Vichanja vya kulalia viwe vya mbao bapa, upana wa sentimita 5, ili kuku akikaa tumbo lake lifunike vidole. Kila mmoja apewe sentimita 20.

Umesema umeona kwenye simu kwamba mitetea wa nchi za baridi huwashiwa taa ili watage. Ni kweli kwao: London mwezi Desemba urefu wa mchana ni saa nane hivi tu, na kuku hupunguza kutaga kwa ufupi wa mchana. Lushoto mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Fedha ya taa hiyo inunulie mahindi, kwa sababu kuku wa baridini anakula zaidi ili apate joto. Konzi chache za mahindi ya kuparaza jioni, kabla hawajapanda kichanjani, zinamsaidia usiku. Mahindi yawe makavu na safi. Yenye ukungu yana sumukuvu, na bei yake ndogo utailipa kwa kuku waliodumaa.

Bustani sasa. Udongo baridi uliolowa huozesha mbegu kabla haijaota, na hapo ndipo fedha za watu hupotea. Nyanya na pilipili hoho hazioti vizuri udongo ukiwa chini ya nyuzi 15. Karoti, njegere, saladi na kabichi huvumilia. Basi mwezi huu anza na hizo nne, na nyanya uzioteshe ndani ya nyumba, dirishani upande wa jua, kwenye chupa za maji zilizokatwa na kutobolewa chini. Udongo wa kuoteshea: mafungu mawili ya udongo wa juu, moja la mboji iliyoiva, moja la mchanga, umwagie maji yanayochemka, uache upoe. Hiyo ni kinga ya kinyausi, ule ugonjwa unaonyausha shina la mche usawa wa udongo mpaka unaanguka. Kinga nyingine ni kumwagilia asubuhi tu, kidogo. Anayemwagilia jioni kwenye baridi anaulisha ukungu.

Usiseme utapandia mbolea ya vifaranga wako Oktoba. Mbolea mbichi ya kuku ni kali, inaunguza mizizi, tena ina vijidudu ambavyo hutaki kwenye karoti na saladi zinazoliwa mbichi. Irundike: fungu moja la maranda yenye kinyesi kwa mafungu mawili ya majani makavu, kimo mita moja na upana mita moja kila upande. Lundo dogo kuliko hilo halipati moto kwenye baridi. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa baada ya dakika kumi kiwe cha moto mkononi. Geuza kila wiki mbili, funika kwa majani ya migomba mvua isilichuje. Itafaa kuanzia Desemba, na masika itakuwa nzuri sana. Kwa vuli hii omba samadi ya ng'ombe iliyooza kwa majirani wanaofuga ndani. Huko wapo wengi.

Matuta yakinge mteremko, usiyaelekeze chini hata kama kulima hivyo ni kwepesi, mvua moja ya Novemba itakuhamishia udongo wote kwa jirani. Tuta liwe na upana wa mita moja na kimo cha sentimita 20, ukingoni panda nyasi za guatemala au matete. Kabichi nafasi sentimita 60 kwa 45. Karoti mistari ya sentimita 25, uzipunguze zikae sentimita 5. Asiyepunguza anavuna mikia. Mbegu za kabichi na karoti nunua pakiti ndogo. Njegere na maharage unaweza kuweka mbegu zako mwenyewe msimu ujao, zikaushwe na kuchanganywa na majivu. Keni ya kumwagilia usinunue, toboa mfuniko wa dumu kwa msumari wa moto.

Kuku wakubwa wakipatikana kwa jirani, waachie kwenye matuta wiki moja kabla ya kupandikiza: wanachakura na kula sota, yule funza anayekata miche usiku. Ukishapanda, usiwaruhusu tena hata dakika tano. Wasipopatikana, kila mche uvishe kola ya karatasi ngumu, sentimita 3 ndani ya udongo na 5 juu.

Usiku wa kwanza wa kasha la nyasi, amka mara moja saa nane, funua gunia upande mmoja, uwapige picha walivyolala, unitumie asubuhi pamoja na idadi yao. Nikiona walivyojipanga nitakuambia kama nyasi ziongezwe au zipunguzwe.

Wako,
Mama