Tibesti: maswali yenu na majibu yangu

Tibesti ni ya Libya au ya Chad?
Safu hii ya milima ya Sahara karibu yote iko kaskazini mwa Chad. Ncha yake ndiyo inaingia kusini mwa Libya. Ubishi wa Aouzou, ukanda wa mpakani, ulimalizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1994, Chad ikashinda. Swali hili haliishi, na ramani zipo.

Kile cheupe ndani ya shimo la volkano la Trou au Natron ni theluji?
Magadi.

Jangwa ni mchanga mtupu. Miti na wanyama wanatoka wapi?
Nani kawadanganya kwamba jangwa ni mchanga mtupu? Tibesti ni mawe: lava nyeusi, majivu ya volkano yaliyoshikamana, miamba iliyochongwa na upepo. Mlima Emi Koussi una mita 3,415, na Sahara nzima hakuna kilele kinachoupita. Hewa inayopanda hadi huko hupoa, na wingu ambalo bondeni lingepita kavu huangusha angalau mvua kidogo. Maji hayo hayanywewi na mwamba. Huteremkia kwenye mikondo ambayo wenyeji huiita enneri. Mengine huzama chini ya changarawe, mengine hubaki kwenye madimbwi ya mwambani, gelta, palipo na kivuli cha jabali. Ndiyo maana migunga na mikoma imejipanga kufuata mkondo, wakati pimbi na kondoo-mwitu wanang'ang'ania magenge. Huko juu zaidi kwenye Emi Koussi kuna Erica arborea, kichaka kile kile cha Kilimanjaro. Mimea ya namna hiyo ni masalio ya enzi Sahara ilipokuwa na malisho, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ng'ombe waliochorwa miambani ni wa enzi hizo. Ukikata kichaka hicho upate kuni za chai, usitegemee mbegu kutoka jirani. Jirani ni jangwa.

Bonde lenye mchanga laini linafaa kupiga kambi?
Linafaa kukuzamisha. Mvua hunyesha mlimani wewe ukitazama nyota, na mafuriko hayapigi hodi. Halafu msiache njia wanazopita wenyeji: mabomu ya ardhini ya vita vya Chad na Libya, vilivyokoma 1987, bado yamefukiwa humo.

Si huko hakukai mtu?
Watubu wanakaa, na mbuzi wao, ngamia wao na mitende yao. Nimechoka na swali hili, maana kila anayetaka kuchukua kitu huanza kwa kusema hapana mwenyewe. Dhahabu ilipopatikana mwaka 2012 wachimbaji walimiminika, mapigano yakafuata. Na anayeoshea dhahabu kwa zebaki karibu na gelta anatia sumu kisima cha watu, mifugo na swala kwa mpigo mmoja.

Volkano hizo zimekufa?
Msizizike mapema. Soborom, katika safu hiyo hiyo, matope yanachemka hadi leo, na wenyeji huenda kuoga wakiwa na maradhi ya ngozi au ya viungo.