Kutoka kula na mwenza mwenye shida ya kumeza

Mtu aliyepata kiharusi au mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili) hajakatazwa kutoka na mwenzake kwenda kula. Ila wengi huhangaikia nyama wakasahau kinywaji. Maji, soda na chai hukimbia kuliko koo linavyowahi kujifunga, yakaingia njia ya hewa, na wapo wasiokohoa hata yakiingia. Sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au macho yakilengalenga machozi, simamisha chakula. Usimpe maji "asukumie", maana hapo ndipo wengi hupaliwa.

Chagua saa kwanza, mahali baadaye. Dodoma mjini nenda saa tano na nusu, kabla wafanyakazi wa ofisini hawajajaa. Jikoni watakuwa na nafasi ya kukusikiliza. Vile viti vya plastiki vya kwenye bustani za nyama choma vimelala nyuma, kwa hiyo kunja khanga uiweke mgongoni mpaka akae wima, nyayo chini. Asitazamane na televisheni iliyotundikwa juu: shingo ikiinuka, njia ya hewa inafunguka.

Ukimwambia mhudumu unataka nyama laini, atakuletea laini ya mtu mwenye meno yote. Sema: ya kuchemsha, iive mpaka ipondeke kwa uma, vipande visizidi sentimita 1.5, mchuzi mzito juu yake. Ikifika, ikandamize kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba uwe mweupe. Ikirudia umbo lake, irudishe jikoni. Kipimo hiki ni cha aliyeruhusiwa vipande. Aliyepangiwa chakula cha kusagwa asiviguse kabisa.

Makande yana maganda yanayobaki kooni. Zabibu zetu za Dodoma zina ganda, zinateleza na zina maji ndani, yaani hatari tatu kwa mpigo. Supu yenye vipande nayo ni mtego, kwani mchuzi hutangulia wakati mdomo bado unatafuna. Mlenda, mboga ya Wagogo, huwadanganya watu kwa sababu unateleza. Lakini huvutika bila kukatika, nusu iko kooni na nusu bado sahanini. Usiagize kabla hajaujaribu mbele ya mtaalamu wake wa kumeza.

Kinywaji kizito beba kutoka nyumbani kwenye chupa ya chai. Uji wa lishe unafaa ukiwa na uzito aliopangiwa, na uzito huo uupime kwenye joto atakalonywea, maana uji wa moto ni mwepesi kuliko uliopoa. Kisha mimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine. Mate humeng'enya wanga: kijiko kilichotoka mdomoni kikirudi kwenye uji wote, baada ya muda unakuwa majimaji. Juisi nzito ya parachichi nayo isitiwe barafu, itayeyuka na kuifanya nyepesi.

Atumie kijiko cha chai, ameze kabisa ndipo achote kingine. Marafiki waambiwe mapema wasimuulize kitu akiwa na tonge mdomoni. Harusini ni rahisi zaidi ale nyumbani kabla. Shangazi akisisitiza, "ameshakula, daktari kampangia chakula" inatosha.

Akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kusema, mwinamishe mbele, mpige kati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa ndani na juu mara 5. Rudia, huku mwingine akitafuta msaada. Akizirai, mlaze chali uanze kukandamiza kifua.

Mkimaliza, angalia ndani ya shavu la upande uliopooza. Chakula hujificha hapo. Akae wima nusu saa, hata garini msilaze kiti. Akipata homa au kikohozi cha makohozi siku zinazofuata, mpeleke hospitali na umwambie daktari mapema kwamba ana shida ya kumeza, asije akatibiwa mafua.