Kwa anayekwenda Angkor: ziwa lisiwe kiporo cha safari

Ukifika Siem Reap, Kambodia, kila utakayemuuliza atakueleza habari za mahekalu ya Angkor tu, mji mkuu wa kale wa Wakhmer, watu wa Kambodia: tiketi, mapambazuko, mizizi iliyoukumbatia ukuta wa hekalu la Ta Prohm. Ziwa la Tonle Sap hutajwa mwishoni, kwa mwenye nusu siku ya ziada. Nami mara ya kwanza nilifanya hivyo. Nilimaliza siku tatu kwenye mawe, ndipo nikaenda ziwani alasiri ya mwisho, tena mwezi wa Aprili. Mashua ilikwama kwenye tope, na kijiji tukakifikia jua limeshazama. Safari ya pili nilipanga upya, na mpango huo ndio ninaokuachia wewe unayeanza.

Anza na Bayon, hekalu la mfalme Jayavarman VII lenye minara iliyochongwa nyuso kubwa. Wageni wengi hupanda moja kwa moja kwenye nyuso. Wewe baki chini kwanza, uufuate ukuta wa nje upande wa kusini. Hapo utaona vita vya majini kati ya Wakhmer na Wacham, jirani zao wa mashariki, na chini ya vyombo vyao pamejaa samaki. Chini zaidi ni maisha ya kila siku: watu sokoni, watu jikoni, wanaume wamezunguka majogoo wanaopigana. Simama hapo hata nusu saa. Tazama samaki wanaopita katikati ya miti. Nilisumbuka nao sana, kwa sababu samaki na msitu sikuwahi kuviona pamoja.

Jibu liko ziwani. Mvua zikikolea, mto Mekong hufura na kuusukuma nyuma mto Tonle Sap, ule unaotoka ziwani, maji yakageuza mkondo na kurudi ziwani. Ziwa lenye kilomita za mraba kama 2,500 wakati wa kiangazi hutanuka hadi 15,000 na zaidi. Msitu wa kandokando huzama, na samaki huingia humo kula na kuzaliana. Fundi wa Bayon alichonga alichokiona. Mji wa Angkor ulilishwa na mpunga na samaki hao, ndiyo maana nakusihi usivitenganishe vitu hivi viwili.

Kwa hiyo ziwa liweke katikati. Tiketi ya mahekalu ya siku 3 ni dola 62, nayo hutumika siku zozote tatu ndani ya siku 10. Huna haja ya kuzifululiza. Siku ya kwanza mawe, ya pili maji, kisha urudi kwenye mawe.

Chagua mwezi pia. Kuanzia Septemba hadi Desemba maji yamejaa na mashua inapita juu ya msitu. Na jua unakwenda kuona nini: kijiji cha Chong Khneas nyumba zinaelea kwelikweli na huhamishwa kwa kufuata maji, kijiji cha Kampong Phluk zimesimama juu ya nguzo. Kiangazi ukipita chini ya nguzo hizo utainua shingo kama unayetafuta dafu mnazini. Wapo wanaokuja wakati huo wakaondoka wamekasirika kwamba hapaelei kitu. Mimi nadhani ndipo unapoelewa maji yale hupanda kiasi gani.

Kibarazani kwa mama mmoja nilikaa karibu saa nzima, naye akipasua samaki wadogo na kuwatupia kwenye beseni la chumvi. Ni kazi ya prahok, samaki wa kuchachushwa wanaotiwa karibu katika kila mboga. Alipoona natazama kwa makini alinisogezea kigoda. Usipige picha kabla ya kukaribishwa namna hiyo, maana mlango ulio wazi juu ya maji ni mlango wa nyumba ya mtu. Safari ile ya kwanza nilishawishiwa ninunue gunia la mchele "kwa ajili ya shule" kwa bei isiyo na kichwa wala miguu, na iliniuma kwa sababu watoto wenyewe walikuwa wanahitaji kweli. Siku hizi nanunua vikapu vya magugu maji kwa wanaovisuka. Ni magugu yaleyale yanayowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria.

Kuhusu Angkor Wat nitakuambia mawili. Limeelekea magharibi, kwa hiyo alfajiri utaliona jeusi mbele ya mwanga. Uso wake huangaza alasiri, na wengi wanakuwa wameshaondoka. La pili ni mavazi. Ngazi za kwenda juu kabisa zina walinzi, nao hawakubali kanga ya kujitanda mabegani. Vaa nguo yenye mikono, inayofunika magoti.

Dola zako ziwe safi, zisizochanika, kwani noti yenye tundu hurudishwa papo hapo. Na ukimpata dereva wa bajaji mwelewa, kaa naye siku zote tatu. Wangu ndiye aliyenipeleka kwenye ule ukuta wa samaki.