Maswali Yenu ya Dota: Fedha, Mikeka na Machozi ya Ame

Tangu Team Falcons wanyanyue Ngao, kombe la The International, mashindano ya dunia ya mchezo wa kompyuta wa Dota 2, kule Hamburg, Septemba 2025, maswali hayajakoma, na mengi ni swali lile lile. Naanza nalo ili tuachane nalo.

Zawadi ya The International ni dola ngapi, na mbona imeporomoka? (Wengi, kuanzia Tanga hadi Muscat)

Nimeshalijibu, na hii ndiyo mara ya mwisho. Mwaka 2021 zilikuwa dola milioni 40 na kidogo. Mwaka 2023 zikawa milioni 3 na ushei, na 2025 hata hizo milioni 3 hazikufika. Mnaouliza nani kazila, hamjauliza zilitoka wapi. Mashindano ya kwanza, Cologne 2011, Valve, kampuni yenye Dota, walitoa milioni 1.6 zao wenyewe, na milioni 1 wakaichukua timu ya Na'Vi. Kuanzia 2013 wakawauzia mashabiki kitabu cha mashindano, ambacho baadaye kikawa Battle Pass, kifurushi chenye mavazi ya mashujaa, yaani wahusika unaowachezesha, na robo ya mauzo ikawa inaingia kwenye zawadi. Hebu piga hesabu. Ili robo ifikishe mfuko milioni 40, mashabiki wametoa zaidi ya dola milioni 150, na robo tatu imebaki kwa mwenye duka. Mwaka 2023 Valve wakaacha kuuza kwa mtindo ule, mfuko ukanywea. Hakuna aliyeiba.

Mimi sizililii zile milioni 40. Team Spirit, mabingwa wa 2021, waliondoka na milioni 18.2 kwa mashindano mamoja, huku timu ndogo zikihangaika mwaka mzima kulipa wachezaji. Na vijana wetu walikuwa wanafunga mkanda wiki nzima ili shujaa wao avae kofia inayowaka moto. Tazameni mchezo wenyewe, si hela za mfukoni mwa mchezaji.

Nipe timu ya uhakika ya kuweka kwenye mkeka. (Mbagala)

Sitoi.

Na kwa kuwa umeuliza, sikiliza na hili. Newbee walikuwa mabingwa wa dunia 2014. Jina lile lile, likiwa na wachezaji wengine, lilifungiwa na Valve mwaka 2021 kwa kupanga matokeo. Mechi ya mchujo isiyotazamwa na mtu, inayochezwa na vijana wasiolipwa, ndiyo rahisi kuliko zote kuuzwa. Wewe unaweka ya kodi ya nyumba, mwenzako anajua matokeo tangu jana yake. Niandikie jambo jingine lolote, lakini mkeka usinitumie.

Naangalia laivu na mdogo wangu lakini naona taa zinawaka tu. Nianzie wapi? (Msichana, Arusha)

Anzia kabla ya mechi, dada. Wengi hutumia dakika zile kwenda kununua chipsi, na hapo ndipo nusu ya mchezo inapochezwa. Manahodha wawili wanapokezana: kila upande unapiga marufuku mashujaa saba na kuchagua watano, kutoka kwenye kundi la zaidi ya 100. Ukiona shujaa amepigwa marufuku mapema, ujue kuna mtu anaogopwa.

Mfano ninaoupenda ni fainali ya Bucharest, Oktoba 2021. Team Spirit na PSG.LGD, mbili kwa mbili, mchezo wa tano. LGD wakamwacha shujaa Magnus bila kumfungia, na Spirit wakamkabidhi mchezaji wao Collapse. Magnus anaweza kuwavuta maadui wote walio karibu yake wakarundikana sehemu moja kama mzigo wa kuni. Collapse akawarundika, wenzake wakamaliza kazi. Watu husema LGD walishindwa kupigana. Mimi nasema walishindwa wakiwa bado mezani wakichagua mashujaa, kabla askari wa kwanza hajatembea.

Sasa ukishajua timu ilitaka nini mezani, zile taa zitaanza kuwa na maana. Usimfuate anayeua tu. Mfuate anayenunua macho ya kuangazia ramani na kufa kwa ajili ya wenzake. Huyo hapigiwi makofi, na bila yeye hakuna Ngao.

Shemeji anasema huu si mchezo, ni kubonyeza vitufe. Nimjibuje? (Kisumu)

Usibishane naye sebuleni. Mwambie habari za Sweden. Mashindano yale ya 2021 yalikuwa yafanyike Stockholm. Shirikisho la michezo la nchi hiyo likakataa kuupokea mchezo wa aina hii, na serikali nayo ikakataa kuyatambua kama mashindano ya michezo ya ngazi ya juu. Bila utambulisho huo, viza za wachezaji wa nje ya Ulaya zikawa kitendawili. Valve wakahamia Romania. Jina "mchezo" si sifa ya kujipamba, ni karatasi unayoionesha ubalozini. Kijana wa kwetu anayehangaikia viza anaelewa hilo kuliko shemeji yako.

Shikamoo. Mwanangu ana miaka 15, anasema ataacha shule awe kama Sumail. (Mzazi, Kahama)

Marahaba. Ni kweli Sumail Hassan, mzaliwa wa Karachi, alichukua ubingwa wa 2015 akiwa na miaka 16. Muulize kijana kama anamjua Aui_2000, aliyekuwa naye timu moja siku hiyo. Siku chache baada ya kunyanyua Ngao, timu ilimwondoa. Bingwa wa dunia, hana timu! Hakuzama. Alirudi kama kocha, akaiongoza timu ya Tundra kuchukua ubingwa 2022 na Falcons 2025. Kilichomfikisha huko ni kichwa: kusoma mchezo, kuandaa mpango, kukaa na watu watano wenye hasira na kuwapatanisha. Vidole vya miaka 16 havidumu. Asome, mama, acheze jioni. Na ukizima intaneti nyumbani ataenda kwenye banda la gemu ambako humwoni, kwa hiyo usiizime.

Nimetumiwa kiungo kuwa nimeshinda vazi la Dota, niingize nywila ya Steam. (Nakuru)

Hujashinda. Futa, badilisha nywila leo.

Kwa nini hakuna timu ya Afrika Mashariki? Serikali ziko wapi? (Mwanza, Bujumbura, na wengine wanne)

Kabla ya kuita serikali, tazameni ramani. Mchujo wa mashindano haya hugawanywa kikanda: Ulaya Magharibi, Ulaya Mashariki, China, Kusini Mashariki mwa Asia, Amerika Kaskazini na Amerika Kusini. Afrika haina mlango wake. Timu ya Mwanza lazima iingilie mlango wa wenyewe na kucheza kwenye seva za mbali, na hapo pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, inakumaliza: wewe umebonyeza, mwenzako alishakupiga. Seva za karibu nasi ziko Afrika Kusini na Dubai, tena kwa Dota unahitaji kompyuta ya maana, wakati vijana wetu wengi wana simu.

Hilo ndilo dai langu, na nitalirudia hadi nichoke: tuombe mchujo wa Afrika, hata nafasi moja, uchezwe kwenye seva ya Johannesburg. Timu ya OG ilitokea mchujo wa wazi, ule wa timu yoyote, mwaka 2018, baada ya wenzao wawili kuwakimbia, kocha wao akaingia kucheza, wakawa mabingwa, na 2019 wakarudia. Lakini mlango wa wazi una faida kwa anayeufikia. Ammar wa Falcons ni kijana wa Jordan, na alilazimika kujijengea jina ndani ya timu za Ulaya. Hivi tungekuwa na wangapi kama njia isingekuwa ndefu hivyo?

Nani bora kati ya wasiowahi kuchukua Ngao? (Msomaji wa Toronto)

Ame, Mchina aliyekuwa PSG.LGD. Sina haja ya kufikiri. Fainali ya 2018 alipoteza 3–2 mbele ya OG. Ya 2021 akapoteza 3–2 mbele ya Spirit. Akapumzika, akarudi na timu nyingine, Xtreme Gaming, akafika tena fainali Hamburg, akapoteza 3–2 mbele ya Falcons. Fainali tatu, zote zimefika mchezo wa tano, zote zimemtoka. Falcons walistahili, na nilifurahi mchezaji wao Cr1t- kupata Ngao baada ya miaka yote ile. Ila nilizima skrini kabla ya sherehe. Sikuweza kumwangalia Ame akikaa pale kwa mara ya tatu.

Ya 2026 ni Shanghai. Tutazame saa ngapi? (Dodoma)

Shanghai wametutangulia saa tano. Mechi ya saa nne asubuhi kwao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, Agosti hiyo. Nunueni bando usiku.