Muulize Fundi: Mashine ya farasi inayopiga fundo

Shikamoo Mzee Fundi. Dada yangu ni muuguzi huko Pennsylvania, Marekani. Alipita mashambani upande wa Lancaster akanitumia video fupi. Kuna mzee mwenye ndevu na kofia ya ukindu ameketi juu ya chuma, mbele yake nyumbu watatu. Chuma hicho kina midomo miwili mirefu kama ya korongo, mmoja unapita kulia kwa mstari wa mahindi na mwingine kushoto. Mahindi yanaingia yakiwa wima, na upande wa pili unatoka mzigo wa mabua uliokwisha kufungwa kamba. Hakuna mtu anayefunga! Nimeitazama mara ishirini. Ni mashine gani hiyo? Je, ingemfaa mama yangu kule Moiben, anayekata ekari mbili na nusu kwa panga kila Novemba? – Binti wa Moiben, Zimmerman

Marahaba, binti yangu. Umeniletea swali ambalo nimelisubiri miaka mingi. Watu huniuliza habari za jembe la trekta na pampu ya maji, lakini hii ndiyo mashine niipendayo kuliko zote, na sijapata nafasi ya kuieleza hapa.

Hiyo ni mashine ya kukata na kufunga mabua ya mahindi. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1890, wakati farasi ndio waliokuwa trekta. Kabla yake mkulima alikuwa na kisu kirefu cha mkono, kazi ileile ya panga la mama yako, na mwanamume mwenye nguvu alimaliza kama ekari moja hadi moja na nusu kwa siku. Wakajaribu pia kitu kama sleji: jukwaa la mbao lenye visu ubavuni, linavutwa na farasi mmoja, watu wawili wamesimama juu wakiyadaka mahindi kwa mikono yanapokatika. Ilikuwa ya haraka, lakini ilijeruhi miguu ya watu na ya farasi. Mashine uliyoiona ilimwezesha mtu mmoja na farasi watatu kukata na kufunga kama ekari saba hadi tisa kwa siku. Wale wenye ndevu ni Waamishi, Wakristo ambao hawaingizi trekta shambani kwa sababu za imani yao, ndiyo maana mashine ya zama za mababu bado inafanya kazi kwao. Ukisikia mlio wa injini kwenye video usishangae. Wengi wao siku hizi hufunga injini ndogo juu yake, na nyumbu hubaki na kazi ya kuvuta tu.

Mashine ya asili haikuwa na injini yoyote. Itazame tena video, chini ya yule mzee: kuna gurudumu pana la chuma lenye meno, limebeba karibu uzito wote. Wanyama wanapovuta, gurudumu linauma udongo na kuzunguka, kisha cheni na gia zinapeleka mzunguko huo kwenye kisu, kwenye cheni zenye vidole zinazoyashika mahindi yasianguke, na kwenye mtambo wa kufunga. Wanyama wakisimama, kila kitu kinasimama. Udongo ukiwa tope, gurudumu linaburuzwa bila kuzunguka, na kisu kinalala ingawa farasi wanavuta.

Sasa hiyo kamba. Umeandika “hakuna mtu anayefunga”, na hapo umegusa moyo wa mashine. Kisu cha kukata bua hata fundi wa Kamukunji atakutengenezea asubuhi moja. Kazi ngumu ilikuwa kuufundisha mkono wa chuma kupiga fundo.

Usiniamini kwa maneno, fanya hivi. Chukua kamba, izungushe kwenye mguu wa meza, kisha mwambie mtoto azishike ncha zote mbili kwa pamoja, mbali kidogo na meza. Kati ya meza na mkono wa mtoto sasa kuna nyuzi mbili zinazolala sambamba. Weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, juu ya nyuzi hizo vikiwa vimefumbwa kama mdomo wa ndege. Geuza kiganja mzunguko mmoja kamili mpaka kamba ivizunguke vidole. Fumbua vidole, uma nyuzi zote mbili upande wa mtoto, fumba. Mwambie akate kamba karibu na mkono wake. Sasa vuta ule mviringo uliozunguka vidole uteleze mpaka uvuke ncha za vidole, huku ukiwa bado umezibana zile nyuzi. Fundo limeingia. Likikukataa mara ya kwanza rudia, mimi lilinikataa mara nne.

Ndani ya mashine, vidole vyako ni mdomo wa chuma usiozidi kidole gumba kwa urefu, na mkono wa mtoto ni kisahani chenye mapengo kinachoibana kamba. Mguu wa meza ni mzigo wa mabua. Kuna sindano iliyopinda kama pembe ya ng'ombe inayoizungusha kamba kwenye mzigo na kuileta mpaka kwenye mdomo. Mabua yakijaa yanausukuma mkono mdogo, mkono unafungulia klachi, na yote niliyokueleza yanatendeka kufumba na kufumbua. Kisha mikono mingine inautupa mzigo nje. Ncha ya kamba inabaki imebanwa kwenye kisahani, tayari kwa mzigo unaofuata.

Mtambo huo wa fundo ni kazi ya John Appleby wa Wisconsin. Alianza kuufikiria mwaka 1858, akiwa kijana wa miaka 18, na ukaja kufanya kazi sawasawa mwishoni mwa miaka ya 1870, kwanza kwenye mashine za kufunga ngano. Miaka ishirini hiyo! Kiwanda cha William Deering kilichukua haki ya kuutumia, wengine wakafuata. Mwaka 1902 kampuni ya Deering na ya McCormick, zilizokuwa zikishindana vikali, ziliungana na nyingine tatu kuwa International Harvester. Jina hilo wazee wa Kitale na Nakuru wanalijua kutokana na matrekta.

Kabla ya Appleby walifunga kwa waya, na hapa nataka mama yako asikilize. Waya ulishika vizuri, lakini vipande vyake vilibaki kwenye lishe na ng'ombe akavimeza. Ng'ombe hatafuni kwa uangalifu kama mbuzi. Kipande cha waya kinatua kwenye tumbo la pili, na tumbo hilo liko jirani na moyo. Likitobolewa, mnyama anakonda, anasimama amepinda mgongo, anakataa kutembea mteremko. Nimeona mafriziani wawili wakifa hivyo Githunguri, na mwenye ng'ombe akidhani wamerogwa. Mama akifunga mabua kwa waya wa fensi, aache leo. Afunge kwa kamba ya katani. Hata nailoni nisingependa ibaki kwenye lishe.

Je, mashine ingemfaa? Kwa ekari mbili na nusu, hapana, na nakwambia kwa kuwa sitaki utumie pesa zako vibaya. Inakata mstari mmoja kwa wakati, inataka mistari iliyonyooka kama reli na nafasi ya kutosha kichwani mwa shamba ili wanyama watatu wageuke. Kama mama anachanganya maharagwe, farasi na lile gurudumu vitayasaga yote. Tena vipuri ungeviagiza kutoka kwa hao hao Waamishi. Mnunulie mapanga mawili mazuri na tupa ya kunolea, halafu mchange na majirani mpate chafkata, mashine ya kukatakata majani ya mifugo, yenye mota. Hiyo mtaitumia mwaka mzima.

Ila muulize jambo moja: mabua hayo ni ya kazi gani? Wamarekani walikata mahindi mapema, mabua yakiwa bado na ukijani, wakayapeleka pamoja na mahindi yake kwenye saileji, yaani malisho mabichi yanayofukiwa yachachuke. Mama akisubiri mpaka Novemba yakauke, anapata unga, lakini bua limebaki kama kuni. Kama ana ng'ombe wa maziwa, atenge robo ekari aikate wakati punje imeanza kugumu lakini ukiibana kwa ukucha bado inatoa maziwa kidogo.

Fundi, nina mashine ya kubeli, yaani kufunga nyasi marobota, ya zamani, ya kamba. Katika beli kumi, mbili au tatu zinafunguka. Fundi wa hapa amesema mtambo wa fundo umekwisha, ninunue mpya. Bei inaniumiza kichwa. – Mfugaji, Limuru

Ngoja kwanza. Mtambo wako ni mjukuu wa ule wa Appleby, una mdomo uleule na kisahani kilekile. Nakusimulia kilichonipata.

Mwaka 1994 nilikuwa fundi kwenye gereji moja hapa Industrial Area, tukapigiwa simu kutoka Naivasha: mashine ya kubeli inakosa mafundo. Nilikwenda na mdomo mpya mfukoni, nikaufunga, nikajaribu, bado. Nikabadilisha springi ya kisahani, bado. Siku mbili nimelala kwenye nyasi nikitazama juu ndani ya chuma, na mvua inakaribia. Mwenye shamba hakusema neno, lakini alikuwa akitazama mawingu. Jioni ya pili, msichana wa pale, mtoto wa msimamizi, aliokota kipande cha kamba akaniuliza: “Mbona hii hapa ni nene na hapa nyembamba?” Nikaipitisha kati ya vidole. Kweli. Ilikuwa kamba ya bei ya chini, ina uvimbe hapa, na pale imekonda kama uzi wa kiatu. Palipokonda, kisahani hakikuibana, kamba ikachomoka kabla mdomo haujaiuma. Tuliagiza kamba nyingine yenye unene sawasawa, ikafika na basi la asubuhi, na ule mdomo wa zamani nikaurudisha mahali pake. Haukukosa fundo tena.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, pitisha mita tano za kamba yako kati ya vidole ukiwa umefumba macho. Kisha zitazame beli zilizofunguka. Kama fundo liko upande mmoja wa kamba na ncha ya pili haina kitu, kuna uwezekano mkubwa kisahani hakikushika. Kaza springi yake robo mzunguko tu, jaribu, ndipo uongeze. Safisha makapi nyuma ya kisahani, maana hapo ndipo uchafu hujificha. Paka mdomo oili kidogo, na utazame kwa tochi kama una mkwaruzo. Mdomo wenye kutu hauliachii fundo. Msasa laini unatosha. Ukifanya hayo yote na bado zinafunguka, niandikie tena uniambie kamba imekatika vipi, imechanika au imekatwa safi.

Ndugu Fundi, mimi nilikata mkonge nikiwa kijana, miaka ya hamsini, kabla sijaja mjini. Tulifunga majani thelathini thelathini, tukayapeleka korona, kile kiwanda cha kutoa nyuzi kwenye majani. Nyapara alituambia katani hiyo inakwenda Ulaya na Marekani kufunga mazao. Wajukuu wangu wanasema nyapara alitudanganya, kwamba katani ni ya magunia tu. – Mzee wa Kariobangi

Mzee wangu, nyapara alisema kweli, na waonyeshe wajukuu gazeti hili.

Mashine ambayo binti wa Moiben ameiona huko juu haikuwa na maana bila kamba, na kamba yenyewe ilikuwa ya nyuzi za mkonge na jamaa zake. Mwanzoni nyingi ilitoka Yucatán, Mexico. Wamarekani walihitaji kamba hiyo kwa wingi kiasi kwamba hata gereza la jimbo la Minnesota lilikuwa na kiwanda cha kuisokota, ili wakulima waipate kwa nafuu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kuileta Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakatoka mashamba ya Tanga na Pangani, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukaingia kwetu, upande wa Thika na kwingineko. Kabla ya uhuru Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa katani duniani, na kazi yake kuu huko ng'ambo ilikuwa kamba za shambani, kwanza za mashine za kufunga, baadaye za kubeli. Magunia yalikuwepo, ndiyo, lakini si hayo yaliyojaza meli.

Bei ilianguka miaka ya 1960 ilipokuja kamba ya plastiki. Wakati huo mashine zinazovuna na kupura papo hapo zilikuwa zimekwisha kuondoa haja ya kufunga ngano, na mahindi ya saileji yakawa yanakatwakatwa shambani moja kwa moja. Ukipita leo Kibwezi, Mwatate au Kilifi utauona mkonge bado umesimama kwa mistari.

Majani thelathini kila mzigo, na miiba kwenye ncha. Naomba uniandikie mlilipwaje, kwa mzigo au kwa siku, na kama mliwahi kuiona kamba iliyosokotwa tayari au mliishia kuona nyuzi zikianikwa juani. Na ukipata nafuu ya kutembea, mwambie mjukuu aulizie ofisini kwa mhariri. Ule mdomo mpya niliokwenda nao Naivasha bado ninao, umefungwa kwenye kitambaa chenye grisi. Nataka uushike.