Anayekusindikiza kwa gari naye yuko safarini

Kila mwaka kusi likianza kuvuma, napokea maswali kutoka kwa watu wa Dar wanaotaka kujiunga na misafara ya baiskeli ya kwenda Tanga kupitia Bagamoyo na Msata. Wanauliza tairi gani zinafaa, giya ngapi, walale wapi. Ni nadra kuulizwa habari za mtu atakayeendesha gari la kusindikiza. Kwangu mtu huyo ni mume wangu, na naamini kabisa kwamba safari ya siku kadhaa hunyooka au huharibika kutokana na mliyokubaliana na mtu huyo kabla hamjatoka nyumbani.

La kwanza nalisisitiza kuliko yote: gari lisitambae nyuma ya baiskeli. Wengi hudhani huo ndio ulinzi. Barabara zetu zina malori na mabasi ya mikoani, na gari linalokwenda kilomita 20 kwa saa linawalazimisha kulipita. Wakishalipita wanarudi kushoto haraka, na hapo kushoto ndipo mlipo nyinyi. Mume wangu hututangulia kilomita 10 hadi 15, anaegesha nje kabisa ya lami, anasubiri mpaka wa mwisho apite, kisha anatutangulia tena. Kipande cha Bagamoyo hadi Msata, kama kilomita 64, tunapunguza umbali huo, kwa sababu bonde la Ruvu halina kivuli. Isitoshe, mkielekea Msata kusi linawapiga ubavu wa kushoto na kuwasukuma katikati ya barabara. Mkishashika njia ya kaskazini kuelekea Segera linakaa mgongoni, na hapo utafurahi kwamba ulichagua Juni au Julai. Pale Wami, barabara inashuka mtoni na kupanda tena, kwa hiyo yeye hutusubiri juu kabisa ng'ambo ya daraja, gari likiwa linaonekana na madereva wa pande zote mbili.

Kituo cha kukutana kiwe na jina: sheli fulani, stendi fulani, soko fulani. "Mbele kidogo" si kituo. Tumekubaliana pia kwamba nikichelewa nusu saa, anarudi nyuma taratibu kunitafuta. Hanipigii simu, maana najijua, simu ikiita nitataka kuipokea nikiwa juu ya baiskeli.

Sasa niseme la kundi, maana hapa ndipo watu wanapoumizana. Ukija na gari lako kwenye msafara, siku ya pili tu linakuwa la wote. Huyu anaomba maji, yule mnyororo umekatika, mwingine ana kichefuchefu anataka kulala siti ya nyuma. Hayo ni sawa, tumeyafuata. Lakini nimewahi kuona mwenzetu akimwagiza dereva arudi nyumba ya wageni kufuata chaja, huku wengine wako juani na maji yao yako ndani ya gari hilohilo. Tangu hapo, jioni ya kabla ya kuondoka tunasema mbele ya kila mtu: gari linarudi nyuma kwa mgonjwa au baiskeli iliyokufa tu, mafuta tunachanga wote, na dereva akisema mtu fulani amechoka apande gari, mtu huyo anapanda. Yeye anatuona usoni kila kituo. Sisi tunaona migongo tu.

Buti la gari letu analipanga yeye, na siligusi. Deli la barafu liko karibu na mlango. Juu yake kuna vipande vya kanga kuukuu vilivyolowa, kila mmoja anachukua kimoja na kujifunga shingoni. Ndizi na mihogo ya kuchemsha hukaa kwenye beseni lenye mfuniko, pakiti za ORS ziko mfuko wa mlango. Tyubu za akiba kila moja iko kwenye mfuko wake, ukubwa umeandikwa kwa makapeni, kwa sababu pancha hazisubiri mtu asome maandishi madogo ya kwenye mpira. Pampu, solosheni na viraka viko pamoja. Siku moja Mkata aliniambia, "Mama watoto, wewe kunywa, baiskeli niachie mimi." Niliondoka pale na nguvu mpya kabisa.

Naye ale. Anayekaa garini akisubiri watu juani anachoka vibaya, na kwa kuwa hatoi jasho kama lenu, hakuna anayemuuliza. Mimi huhakikisha anapata chai na chapati kabla hatujaondoka alfajiri, na chakula cha mchana kinapofika sahani yake inatangulia. Tukifika tunapolala, nusu saa ya kwanza ni yetu wawili. Ananieleza barabara ilivyokuwa kwa upande wake, lori lipi lilimtisha, nani anapedali kwa shida. Mpango wa kesho unatoka kwenye mazungumzo hayo.

Mkifika Tanga msirudi Dar usiku huohuo. Anayeendesha amekuwa macho tangu alfajiri kama nyinyi, na kupakia baiskeli tu ni kazi ya saa nzima. Laleni, na kama kuna mwingine mwenye leseni, yeye ndiye ashike usukani kesho yake angalau hadi Msata.