Kondoo wa Dodoma kuhamishiwa Makete: je, ni hewa ya mlimani inayotoa mimba?

Mkuu mleta uzi, nimekusoma mara mbili. Umenunua kondoo majike kumi na wanane wenye vichwa vyeusi huko Dodoma, baadhi tayari wana mimba, ukawahamishia Makete, Njombe, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa nne. Watatu wametupa mimba, waliozaa wana wao ni wadogo kama paka, na waliobaki wanapandwa lakini hawashiki. Kuna mchangiaji hapo juu kakwambia "ni epijenetiki, mlima umeshawabadilisha jeni, wauze." Usiwauze kwanza.

Mimi nimefanya kazi miaka sita kwenye ranchi milimani Colorado, Marekani, juu kidogo ya mita 2,700. Mwaka wangu wa pili bosi alileta dume la ng'ombe kutoka tambarare, shingo nene, mgongo kama meza. Kila aliyepita zizini alisimama kulitazama. Kufika miezi ya baridi kidari kikaanza kuvimba, ukikibonyeza kidole kinaacha shimo, linahara, linasimama viwiko vimetanuka linatafuta pumzi. Tuliliteremsha bondeni kwa lori usiku uleule na likafia njiani. Kule wanauita ugonjwa wa kidari, na madaktari wa mifugo wa Colorado waliuandika tangu 1915. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu ya ng'ombe hubana. Upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani, mwisho unachoka, na maji yanajaa kidarini. Yaki wa Tibeti, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, mishipa yake ya mapafu ni myembamba na haibani hivyo, ndiyo maana anaishi mita 4,000 na zaidi bila wasiwasi.

Baada ya hapo hatukununua dume bila kipimo cha shinikizo la mshipa wa mapafu. Daktari anapitisha mrija kwenye mshipa wa shingo, unaingia moyoni, unatokea kwenye mshipa wa mapafu. Chini ya 41 (milimita za zebaki) unalala usingizi. Ikizidi 49, mrudishe bondeni. Na kipimo hakina maana kama mnyama hajakaa juu angalau wiki tatu.

Nimelisimulia hilo dume makusudi, kwa sababu habari yake ni ya JENI: udhaifu ule baba humpa mtoto, na ndama wake wawili walitusumbua vilevile. Suala la mimba za kondoo wako ni jingine, na hapo ndipo epijenetiki inapoingia kwa haki yake.

Epijenetiki haibadilishi jeni, huamua tu lipi lifanye kazi na lipi linyamaze. Fikiria duka lililotiwa komeo: bidhaa zote zimo ndani, ila haziuzwi. Komeo mojawapo ni vikundi vya methili, vipande vidogo vya kemikali vinavyojibandika kwenye DNA na kulinyamazisha jeni. Sasa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walichukua kondoo wenye mimba ya mwezi mmoja hivi wakawaweka siku 110 kwenye White Mountain, takriban mita 3,800. Kondoo akishika mimba bondeni, homoni ya estrojeni husaidia kubandua methili kwenye jeni zinazolegeza mishipa ya mji wa mimba. Mshipa unapanuka, damu inamiminika kwenye kondo la nyuma, mtoto anakula. Kwa wale wa mlimani methili zilizidi, zikakaa hata kwenye jeni la kipokezi cha estrojeni chenyewe. Yaani homoni inabisha hodi na hakuna wa kufungua. Mshipa unabaki umekaza. Na vimeng'enya vinavyobandua methili navyo hutumia oksijeni katika kazi yao, na kule juu ni haba.

Angalia lakini: hiyo ni mishipa ya mama, katika mimba ile. Anayekwambia ukoo mzima wa kondoo wako umeharibika amechukua neno la maabara akalifanya uchawi.

Huko Putre, kaskazini mwa Chile, mita 3,600, nako kondoo waliotoka bondeni walishika mimba kwa shida, projesteroni yao (homoni inayotunza mimba) ikawa chini, na wana wao wakazaliwa wepesi. Kondoo ambao vizazi vyao vimezaliwa hukohuko hujenga kondo la nyuma kubwa lenye mishipa mingi zaidi. Wageni walipopewa vitamini C na E, hali ilipata nafuu. Si jambo jipya, hata Wahispania waliiona: mji mkuu wao wa kwanza Peru ulikuwa Jauja, mita 3,400, na mwaka 1535 wakahamia Lima pwani, mojawapo ya malalamiko yao likiwa kwamba farasi, nguruwe na kuku hawazaliani kule juu.

Sasa turudi Makete, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi kwenye uzi huu. Mita 2,600 si 3,800. Kwako kila pumzi bado ina karibu robo tatu ya oksijeni ya pwani. Mlima unaweza kukupunguzia kilo kidogo kwa kila mwanakondoo, hasa kwa mama aliyehamishwa akiwa na mimba, maana mwili wake ulianza kujipanga kwa hewa ya Dodoma. Kosa hilo ni lako, mkuu, nisamehe: wahamishe wakiwa watupu, wakae miezi miwili mitatu, ndipo uwaachie dume. Na dume nunua la hukohuko juu. Ila mimba tatu kutoka na wengine kutoshika kabisa, hilo silikabidhi kwa hewa peke yake.

Kondoo wa Dodoma amekulia ukame. Umemleta kwenye majani mabichi na mabonde yenye maji, ambako konokono wabebao minyoo ya ini wapo tele, na yeye hajawahi kukutana nayo. Ana singa, hana sufu, na wewe unazalisha Juni na Julai, baridi ya kuganda. Chakula anachokula anakichoma kujipasha moto, mtoto tumboni anapata makombo. Halafu kuna brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoa mimba na kuambukiza hata watu. Waliotupa mimba watenge leo, na kondo la nyuma usilishike kwa mikono mitupu, wala mbwa asile. Daktari wa mifugo achukue damu.

Ukipeleka kinyesi maabara usiseme tu "minyoo". Waambie unataka mayai ya minyoo ya ini, kwa njia ya kutuamisha. Mayai yale ni mazito, huzama, na kipimo cha kuelea kitakurudishia jibu kwamba hakuna minyoo wakati ini limeshatobolewa. Yalitukuta na kundi dogo la kondoo wa jirani yetu, tukapoteza wiki tano tukilaumu mlima.